Mwongozo Kamili: Kuchora Vipimo vya Kale vya Pwani, Kutoka Shibiri Hadi Frasila

Mpe mtu jedwali linalosema pishi moja ni vibaba 4, na kibaba ni kama ratili moja na nusu ya nafaka. Atalisoma, atalikubali, na kabla hajafungua ukurasa wa pili atakuwa ameshalisahau. Mchoree mkono unaopitisha kijiti juu ya kibaba cha mchele, punje za juu zikianguka pembeni, naye atajua papo hapo kipimo kilifanywaje, nani aliridhika na nani alipunjwa. Kipimo cha kale kilikuwa kitendo cha mikono. Ndiyo maana mchoro unakieleza vizuri kuliko namba peke yake, na ndiyo maana mchoro uliofanywa ovyo unakiharibu vibaya kuliko jedwali lolote.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sanaa, mwalimu, mtu wa makumbusho au msanifu anayetaka kutengeneza bango, kijitabu au ukuta wa maonyesho kuhusu vipimo vya Waswahili kabla ya mita na kilo.

1. Chagua biashara, usichague orodha

Vipimo vya pwani ni vingi, na kila kimoja kilikaa mahali pake. Mwuza nguo alikuwa na shibiri, mkono, wari, doti na jora. Mwuza nafaka alikuwa na kibaba, kisaga na pishi. Kwenye mizani ya forodhani palikuwa na wakia, ratili na frasila, zilizopimia karafuu na pembe za ndovu. Bandarini, miti ya mikoko iliyopakiwa majahazini kwenda Uarabuni ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, ikiwa imeshapangwa kwa unene: nguzo, boriti, pau, fito. Nahodha naye alitupa bildi, kamba yenye uzito wa kupimia kina, majini na kusoma kina kwa pima, yaani urefu wa mikono iliyotandazwa kutoka ncha hadi ncha.

Ukivitia vyote kwenye bango moja utapata kamusi yenye picha. Chukua biashara moja, vipimo vitatu hadi sita vinavyojengana, uviishie hapo. Kwa mradi wa kwanza napendekeza nafaka. Chombo chake ni rahisi kuchora, uhusiano wa vipimo vyake ni safi, na jina la pishi bado liko midomoni mwa watu: kila Ramadhani ikikaribia kwisha, Waislamu wa pwani na bara huulizana pishi ya zaka ya fitri ni kilo ngapi.

2. Kusanya ushahidi kabla ya kugusa penseli

Una vyanzo vitatu: maandishi, vyombo na watu. Usitegemee kimoja tu.

Maandishi maana yake ni kamusi na vitabu vya sarufi vya mwisho wa karne ya 19 na nusu ya kwanza ya karne ya 20, hesabu za wafanyabiashara, na karatasi za forodha zilizohifadhiwa katika nyumba za nyaraka kama ile ya Zanzibar. Soma kwa uangalifu, kwa sababu walioandika wengi walikuwa wageni waliotaka kila kitu kilingane na pauni na yadi zao.

Kwa vyombo, uliza katika makumbusho ya Lamu, Ngome ya Yesu Mombasa na kwingineko kama vipo, na uliza pia majumbani. Ukipata kibaba au pishi ya mti, fanya hivi. Kiweke mezani, simamisha rula kando yake, kisha piga picha kamera ikiwa usawa wa chombo, si kutoka juu kwa mshazari. Piga nyingine kutoka juu kabisa. Pima kipenyo cha ndani, kina cha ndani na unene wa ukingo. Usimimine maji kwenye mti mkuukuu, utaupasua. Jaza mtama au mchele mkavu, kisha hamishia nafaka hiyo kwenye jagi lenye alama za mililita, nawe utapata ujazo. Halafu pima uzito mara mbili: nafaka ikiwa imesawazishwa na ukingo, na ikiwa imerundikwa. Tofauti ya hizo mbili utaihitaji sana hapo mbele.

Kwa watu, anza na shikamoo na mazungumzo, kamera ikae mfukoni. Ukimuuliza bibi, "Kibaba ni kiasi gani?" atakutajia namba. Ukimwambia, "Bibi, hebu nipimie kibaba kimoja kama mlivyokuwa mkipima zamani," atakuonyesha jinsi ya kushika chombo, jinsi ya kukitikisa, mkono wa kushoto unafanya nini wakati wa kulia unajaza. Hicho ndicho unachokuja kuchora. Omba ruhusa ya kupiga picha mikono yake. Mara nyingi huna haja ya sura.

Kisha tengeneza jedwali lako la kazi, ambalo msomaji hataliona. Weka jina la kipimo, kilichopimwa, uhusiano wake na vipimo jirani, makadirio kwa gramu au sentimita, na umeyapata wapi. Uhusiano na makadirio usivichanganye kamwe. Kwamba pishi ni vibaba 4 na kisaga ni vibaba 2, hiyo ni kanuni ya ndani ya mfumo. Kwamba pishi ya nafaka hufika kama kilo 2.7, hayo ni makadirio yanayobadilika kwa mji, kwa chombo na kwa aina ya nafaka. Kwenye mchoro, kanuni itachorwa kwa mstari imara na makadirio yataandikwa kwa herufi ndogo pamoja na neno "takriban".

Hizi ndizo namba za kuanzia. Shibiri ni takriban sentimita 23. Shibiri 2 ni mkono mmoja, ambao pia huitwa dhiraa, takriban sentimita 46. Mikono 2 ni wari, mikono 4 ni pima, takriban sentimita 183. Kwenye nguo, mikono 4 ni shuka na mikono 8 ni doti. Kwenye mizani, wakia 16 ni ratili, na frasila ya Zanzibar ilikuwa kama ratili 35, yaani karibu kilo 16.

3. Kila mchoro upewe kazi moja

Makosa mengi ya miradi hii huanzia hapa: mchoro mmoja unatakiwa uonyeshe kitendo, ulinganishe vipimo na uwe pambo, vyote kwa pamoja. Tenganisha. Unahitaji mchoro wa kitendo, unaoonyesha mtu akipima. Unahitaji mchoro wa uhusiano, unaoonyesha kipimo hiki kimo mara ngapi ndani ya kile. Na unahitaji mchoro wa ukubwa halisi, ambao msomaji anaweza kuweka mkono wake juu yake akalinganisha.

Wachoraji wa zamani walilijua hili. Katika karne ya 16 huko Ujerumani, Jacob Köbel alitaka kueleza urefu wa ufito wa kupimia ardhi. Mchoro wake unaonyesha wanaume 16 wakitoka kanisani, warefu kwa wafupi, wamesimama kwa mstari kila mmoja akiweka mguu wake wa kushoto nyuma ya wa mwenzake, na ufito umelala kando ya miguu hiyo. Kazi ya picha ni moja, kueleza ufito, na kupitia kitendo hicho kimoja inakupa kanuni na kukuonyesha kwamba kipimo ni mapatano ya watu, kwa kuwa waliochukuliwa ni wale waliotokea siku hiyo, wa kila kimo. Huko Ufaransa, mwaka 1800, ilichapwa picha ya kuwafundisha wananchi vipimo vipya vya mita. Ina vyumba 6, na katika kila kimoja yupo mtu kazini: mmoja anapima kitambaa kwa mita, mwingine anapima kwa mizani, mwingine kuni. Aliyeichora alijua kwamba watu hawatajifunza lita kwa kutazama mstatili wenye jina "lita".

Kaa na mifano hiyo miwili muda mrefu kabla ya kuanza kazi yako.

4. Chora mkono kwa usahihi

Vipimo vya urefu vya pwani vimo mwilini, kwa hiyo mkono ndio kipimo chenyewe. Ukiukosea, umekosea namba.

Shibiri huanza kwenye ncha ya kidole gumba na kuishia kwenye ncha ya kidole kidogo, kiganja kikiwa kimetandazwa hadi mwisho. Wachoraji wengi huishia kwenye kidole cha kati kwa sababu kinaonekana kirefu. Hapo umechora kitu kingine. Kutoka gumba hadi kidole cha shahada ni kipimo kingine pia, futuri, kifupi kuliko shibiri. Ukivichora vyote viwili, tumia kiganja kilekile, upande uleule, ili jicho lione tofauti iko kwenye kidole kimoja tu.

Mkono huanza kwenye ncha ya kiwiko na kuishia kwenye ncha ya kidole cha kati. Upo mkono konde, ambao mpimaji hufumba ngumi na kipimo kikaishia kwenye vifundo vya vidole. Wachore wapimaji wawili mmoja juu ya mwingine, viwiko vikiwa kwenye mstari mmoja wa wima, mmoja amefungua kiganja, wa pili amefumba ngumi. Pengo linalobaki upande wa kulia ndilo kitambaa ambacho mteja hakukipata. Hapo huhitaji sentensi.

Kwa upande wa ufundi: piga picha mkono kutoka umbali wa mita 2 hivi huku ukivuta lenzi, kwa maana ukisogeza simu karibu, vidole vitatanuka na kiwiko kitasinyaa. Chora mstari wa nje kwanza kwa unene mmoja. Mistari ya ndani, kama mikunjo ya vifundo na kucha, iwe myembamba nusu yake. Alama za mwanzo na mwisho wa kipimo ziwe na rangi ambayo haitumiki mahali pengine popote kwenye bango. Kivuli punguza, kivuli kizito huficha ncha ya kidole, na ncha ndiyo inayotafutwa.

Na usiuache mkono hewani. Uwekee kitambaa chini yake, au kamba, au ubao. Mkono usiopima kitu unaonekana kama alama ya barabarani.

5. Ukingo wa kibaba

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ningekushauri uitolee ukurasa mzima. Kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Kibaba cha tele ni kile kilichorundikwa hadi nafaka ikaanza kuteleza. Chombo ni kilekile, jina ni lilelile, lakini chakula kilichomo si kimoja. Mnunuzi na mwuzaji walipaswa kukubaliana kwanza ni kipi.

Chora vyombo viwili kwa mkato wa ubavuni, kana kwamba umevipasua katikati kwa msumeno, ili nafaka ya ndani ionekane. Cha kwanza kina mstari ulionyooka juu, na kijiti kimelala kwenye ukingo. Cha pili kina kilima. Nafaka ya ndani ya chombo itie rangi moja kwa vyote viwili. Kilima pekee kitie rangi nyingine. Pembe ya kilima usiibuni. Mchele ukiumwaga hujilaza kwa mteremko wake, na huwezi kuurundika wima kama ukuta, kwa hiyo mwaga mchele halisi, upige picha ya ubavuni, ufuate mteremko huo. Mtama, ulio mviringo na wenye kuteleza, utakupa kilima tofauti na cha mchele.

Ukitaka kuiunganisha historia na leo, hapa ndipo penye kiungo cha kweli. Lumbesa, ule ujazaji wa gunia hadi likafungwa kwa kilemba cha kamba juu, ambao Wakala wa Vipimo wa Tanzania umekuwa ukiupiga vita, ni mjadala uleule wa tele na mfuto ukiwa umehamia shambani. Gunia moja lililochorwa kwa mkato uleule, rangi zilezile mbili, linatosha.

6. Ukubwa usidanganye

Hapa panahitaji hesabu kidogo, na msanifu asikwepe. Pishi ina ujazo mara 4 ya kibaba. Ukichora chombo cha pishi chenye kimo mara 4 na upana mara 4, kwenye karatasi umepata eneo mara 16, na jicho likifikiria ujazo, mara 64. Mtazamaji atadhani pishi ni ghala.

Kwa chombo chenye umbo lilelile, ujazo ukiongezeka mara 4, kimo kinaongezeka mara 1.59 tu. Ujazo mara 2, kimo mara 1.26. Kwa hiyo kibaba kikiwa na kimo cha sentimita 5 kwenye bango, kisaga kitakuwa 6.3 na pishi 7.9. Hizo ndizo namba sahihi, lakini zina tatizo la upande wa pili: tofauti inaonekana ndogo, na mtazamaji haamini kwamba pishi inabeba vibaba vinne. Dawa yake ni kuchora pishi, na kando yake vibaba 4 vyenye ukubwa sawa vikiwa vimepangwa safu. Vienna, kuanzia miaka ya 1920, Otto Neurath na mchoraji Gerd Arntz walijenga mtindo mzima wa picha za takwimu juu ya kanuni hiyo: kiasi kikiongezeka, ongeza idadi ya alama, usiikuze alama yenyewe. Kanuni hiyo itakufaa sana kwa frasila. Ratili 35 zipange safu 5 za 7, zote sawa.

Kwa urefu hakuna shida hiyo. Shibiri 2 kwenye mstari mmoja zinalingana na mkono mmoja, basi.

Wakia una bahati ya pekee. Ulikadiriwa kwa uzito wa riale ya fedha, ile sarafu ya Maria Theresa iliyozunguka sana pwani ya Afrika Mashariki na Uarabuni. Sarafu hiyo, ambayo imeendelea kupigwa na tarehe ileile ya 1780, ina uzito wa takriban gramu 28 na kipenyo cha sentimita 4 hivi. Ichore kwa ukubwa wake halisi. Sarafu 16 ni ratili moja, na ukizipanga safu 4 za 4 zinaenea kwenye karatasi ya A4.

7. Nani yumo kwenye picha

Vipimo havikuwapo bila watu, na biashara nyingine zilizopimwa kwa frasila zilikuwa na maumivu. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara mabegani mwa wapagazi, mzigo wa mmoja ukikaribia frasila 2. Ukichora frasila kwa pembe ya ndovu, chora na bega lililoibeba, na umpe mbebaji uso, mkao na uchovu wa mtu. Usimtumie mtu aliye utumwani au mpagazi kama kipambo cha pembeni. Vilevile jihadhari na postikadi za enzi ya ukoloni: waliopigwa picha mara nyingi hawakuulizwa, na kuzinakili sura zao mstari kwa mstari ni kuwapiga picha tena bila kuwauliza. Zitumie kujua mavazi, vyombo na mikao. Kwa sura, tafuta watu wa leo wanaokubali kukaa mbele yako.

Kuhusu mapambo: nakshi za milango na pindo za kanga ni nzuri, na kwa sababu hiyo hutumika kila mahali. Ziweke pale zinapohusika. Kanga inahusika kwenye ukurasa wa doti, kwa kuwa hadi leo inauzwa kwa doti, vipande viwili pamoja. Kwenye ukurasa wa frasila haina kazi.

8. Maneno kando ya mchoro

Jina la kipimo kwa herufi kubwa, uhusiano wake kwa mstari mmoja, makadirio kwa herufi ndogo. Hayo yanatosha kwa kila mchoro. Andika namba zako kwa mtindo mmoja, "vibaba 4" kila mahali au "vibaba vinne" kila mahali. Maelezo marefu yapeleke kwenye kijitabu.

9. Jaribu bila maneno

Chapa rasimu kwa rangi nyeusi tu, ficha maandishi yote, uwape watu watatu wa aina tofauti: mtoto wa shule, mwuza vitambaa, na mzee uliyejifunza kwake. Usieleze chochote. Waambie wafanye kile wanachokiona. Mtoto akitandaza kiganja na kugusa meza kwa gumba na kidole kidogo, mchoro umefaulu. Akigusa kwa kidole cha kati, rudi hatua ya 4. Mzee atakusahihisha mambo ambayo hukujua kuyauliza, kama vile upande ambao mpimaji husimama au namna kijiti kinavyoshikwa. Andika, kisha chora upya.

10. Uchapaji wa ukubwa halisi

Mchoro wa mkono uskani kwa nukta 600 kwa inchi ukiwa wa mistari mitupu, kisha uugeuze kuwa vekta kwa Inkscape, ambayo ni ya bure, au programu unayoizoea. Vekta inakuza na kupunguza bila kuharibika, na mradi huu unahitaji mkono uleule kwenye kijitabu na ukutani.

Shibiri ya sentimita 23 inaenea kwenye urefu wa A4. Mkono wa sentimita 46 unataka A2. Pima ya sentimita 183 inataka bango la kitambaa au ukuta wenyewe. Unapotuma faili kwa mchapaji, mwambie wazi achape kwa asilimia 100, asiruhusu mashine kubana ukurasa uingie kwenye karatasi, kwani mashine nyingi hufanya hivyo zenyewe. Weka pembeni mwa ukurasa mstari wa sentimita 10 wenye alama. Nakala ya kwanza ikitoka, ipime kwa rula palepale dukani kabla hujalipia zilizobaki.

Kwa pima ya ukutani, piga mstari mlalo kwenye kimo cha sentimita 135 kutoka sakafuni, weka alama ya kila mkono, na uchore viganja viwili kwenye ncha. Kimo hicho kinamwezesha mtu mzima kunyoosha mikono bila kuinama, na mtoto wa darasa la tano akaufikia kwa kuinua mikono kidogo. Acha nafasi ya mita moja tupu kila upande, maana watu watapanga foleni na wengine mikono yao ni mirefu kuliko pima yako. Weka na penseli iliyofungwa kwa kamba, ili kila mtu aweke alama pale vidole vyake vilipofika.